Mabati Mapya, Misumari Ile Ile

Picha ni ile ile kila masika. Darasa limeezuliwa paa na upepo, madawati yameloa, watoto wamepangwa pembeni, na mbele yao mgeni rasmi ameshika ncha moja ya bati, mwalimu mkuu ameshika nyingine, wote wanatazama kamera. Makofi. Msafara unaondoka. Baada ya wiki mbili fundi anayapiga mabati hayo juu ya kenchi zile zile, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, kwa misumari ya aina ile ile, na masika yanayofuata tunakutana hapo hapo, labda kwa mgeni rasmi mwingine.

Sina ugomvi na msaada. Ugomvi wangu ni kwamba katika hotuba zote hizo hakuna hata mmoja anayeuliza paa liliachia wapi.

Na swali hilo halihitaji injinia. Tembea uwanjani asubuhi baada ya upepo, uangalie kilichoanguka. Ukikuta bati tupu, matundu yamechanika na kurefuka huku misumari imebaki kwenye mbao, basi bati lilikuwa jembamba au misumari ilikuwa michache. Ukikuta matundu mazima na misumari imeondoka na bati, imechomoka kwenye papi, zile mbao za kulala zinazopigiliwa bati. Ukikuta bati limeng'ang'ania papi zake kama lilivyopigwa, tatizo liko kati ya papi na kenchi. Na ukikuta nusu ya paa imelala shambani kwa jirani ikiwa nzima, kenchi, papi, bati hadi kofia ya kileleni, usimlaumu mwenye duka la mabati. Paa lilikuwa imara kabisa. Hakuna aliyelifunga kwenye nyumba, basi.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayostahili hasira, kwa sababu ndiyo isiyoangaliwa kabisa. Watu wanabishana unene wa geji 28 au geji 30, bati la msauzi au la mgongo mpana, rangi ya udongo au ya bluu, wakati shughuli yote inaamuliwa sehemu moja ambayo siling ikishapigwa haionekani tena: pale kenchi inapokaa juu ya ukuta.

Tupige hesabu kidogo. Nguvu ya upepo haipandi sambamba na kasi. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) wakitutangazia upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa, hiyo ni kama kilo 7 na ushei kwa kila mita ya mraba. Bati la geji 30 halifiki kilo 3 kwa mita hiyo hiyo, kwa hiyo hata upepo huo wa kawaida unaweza kulibeba likiwa halijashikwa. Kwa kilomita 80 inakuwa kilo 31. Kwa kilomita 120, karibu kilo 70, na kwenye kona na kingo za paa, ambako upepo unajikunja na kunyonya, inaweza kufika mara mbili ya hapo. Nasema kunyonya kwa makusudi. Wengi wanadhani upepo unalisukuma paa, kumbe unalivuta kwenda juu.

Sasa chukua nyumba ya upana wa mita 8, kenchi kila mita 1.2, na paa limetoka nje ya ukuta sentimita 60. Kila mwisho wa kenchi unabeba mita za mraba tano na nusu. Kwa upepo wa kilomita 120 hizo ni kama kilo 380 zinazovuta juu. Toa uzito wa bati, mbao na siling, bado unabaki na karibu kilo 300. Kinachozizuia ni nini? Misumari miwili ya inchi nne, imepigwa mshazari kupitia ubavu wa mbao hadi kwenye wolpleti, ile mbao iliyolazwa juu ya ukuta, na mara nyingi mmoja umepasua mbao wakati unapigwa. Fundi aliuona ule ufa. Akapiga mwingine pembeni yake.

"Lakini tulifunga waya." Ndiyo, na hapa ndipo fundi wengi wanaponikosha roho kisha wananichefua. Waya upo, umetoka ukutani, umezungushwa wolpleti vizuri kabisa na kusokotwa kwa koleo. Wolpleti haiendi popote. Ila kenchi haimo ndani ya ule waya! Imekaa juu, kwa misumari yake miwili. Na ukifuatilia waya kwenda chini unakuta umelazwa chini ya kozi, yaani safu, ya mwisho tu ya tofali, kwa hiyo upepo ukivuta, unaondoka na kozi hiyo. Tena ni ule waya mwembamba wa kufungia nondo, ambao kwa chumvi ya baharini unakuwa unga baada ya miaka michache. Uguse kwa bisibisi: ukikatika, ulikuwa pambo.

Inavyotakiwa si siri. Hupu aini, ule mkanda wa chuma wa inchi moja, au nondo nyembamba, unaanzia ndani ya lenta, ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha, na lenta yenyewe iwe imezunguka nyumba nzima badala ya vipande juu ya madirisha. Kama lenta ni ya vipande, mkanda ushuke kozi tatu za tofali, zaidi ya nusu mita. Kisha unapanda, unapita juu ya mgongo wa kenchi, unashuka upande wa pili na kupigwa misumari pande zote mbili. Kila kenchi. Siyo moja moja kwa kuruka, wala zile za mwanzo na mwisho tu kwa sababu ndizo mwenye nyumba anazoziona akisimama nje.

Wenzetu wa Florida walijifunza kwa maumivu. Kimbunga Andrew kiliwapiga Agosti 1992, na kanuni ya ujenzi ya jimbo zima ikaanza kutumika Machi 2002. Huko mwenye nyumba akitaka punguzo la bima ya upepo, mkaguzi anapanda darini na tochi na kamera, anajaza fomu yenye maswali saba, na picha zinaambatanishwa. Kwenye swali la kenchi na ukuta, fomu haiulizi kiungo kizuri ulichonacho. Inauliza kilicho dhaifu kuliko vyote. Kenchi thelathini zikiwa na mikanda na moja ina misumari ya mshazari, umepata alama ya misumari ya mshazari. Kibano cha chuma kinakubalika kikiwa na misumari isiyopungua mitatu kwenye kenchi, nafasi kati yake na mbao isifike nusu inchi, na kisiwe na kutu kali. Juu yake kuna daraja la mkanda unaopita juu ya kenchi: misumari miwili upande wa mbele, mmoja upande wa pili. Msumari mmoja tu unakupandisha au kukushusha daraja. Kwetu mkaguzi akija, anapima umbali wa mpaka na kuuliza karo liko wapi. Darini hapandi, na mara nyingi hakuna hata tundu la kupandia.

Najua jibu linalokuja: huku hatuna vimbunga. Unguja waliambiwa hivyo pia, hadi tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipolaza mikarafuu ya kisiwa. Lindi ilipigwa tarehe 15 Aprili 1952. Kimbunga Kenneth mwaka 2019 alipita Ngazidja, Komoro, akaingia Cabo Delgado ya Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma. Hidaya alifika Mafia Mei 2024, na waliokwama barabara ya Kilwa hawahitaji kukumbushwa. Desemba mwaka huo huo Chido akaifagia Mayotte kwa upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na vibanda vya mabati vya huko vikawa vya kwanza kuondoka. Na tuseme kweli, paa nyingi zetu haziezuliwi na kimbunga chenye jina. Zinaezuliwa na upepo wa dakika kumi kabla ya mvua.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuna upepo ambao nyumba ya kawaida haiuwezi hata ukiifunga kwa minyororo. Wa Chido ulikuwa wa aina hiyo. Nakubali pia kwamba mkanda ni gharama. Lakini weka bei ya mikanda ya nyumba nzima kando ya bei ya rangi ya bati uliyochagua, halafu tuzungumze upya. Upepo ni wa Mungu, sikatai. Msumari ni wa fundi.

Mengine kwa haraka. Mawe na matairi juu ya bati: jiwe la kilo 15 dhidi ya kilo 70 kwa kila mita ya mraba, na likidondoka linampata mtu. Misumari ya bati iliyonyooka huchomoka. Nunua iliyosokotwa au skrubu zenye mpira, na usizikaze mpaka mpira ukafumuka pembeni. Zipigwe kila mgongo kwenye safu ya chini, kwenye kofia na kwenye gebo, ule mwisho wa paa wenye umbo la pembetatu. Katikati ya paa unaweza kuruka mgongo mmoja mmoja. Papi ya inchi 2x2 yenye msumari mmoja kwa kila kenchi ni utani, ifunge kwa kipande cha mkanda, na kwenye kingo papi zisiachane zaidi ya sentimita 60. Paa la pande nne linavumilia kuliko la gebo, na mwinamo wa nyuzi 30 ni bora kuliko ule wa kulala lala tunaoupenda kwa sababu unaokoa bati. Paa la kuficha, lile lililozungushiwa ukuta juu? Haya, ule ukuta wa juu unapunguza kidogo mnyonyo wa kingo, nimesema, lakini ukiwa wa tofali moja bila nguzo za zege utakuja kukulalia.

Baraza ndiyo mchokozi mkubwa. Upepo unaingia chini yake na kukosa pa kutokea, huku mbao zake ni mwendelezo wa zile za nyumba, kwa hiyo ikinyanyuka inafungua paa lote kuanzia mbele. Itengwe, iwe na papi na bati lake, ikiondoka iondoke peke yake. Na milango na madirisha: dirisha la upande wa upepo likivunjika, upepo unaingia ndani na kuanza kusukuma paa kutoka chini wakati nje unalivuta. Mlango wa mbele uwe na komeo juu na chini; kitasa peke yake hakitoshi.

Kwa nyumba iliyokwisha jengwa bado kuna la kufanya. Kama lenta ipo, toboa na kufunga mkanda kwa bolti za kupanuka, kisha upitishe juu ya kenchi. Kama haipo, toboa ukuta sentimita 60 chini ya wolpleti, pitisha waya wa mabati wa milimita 4, mizunguko miwili, upandishwe hadi juu ya kenchi na usokotwe mpaka ukaze. Unaonekana ukutani, ndiyo. Upige plasta.

Kama hakuna tundu la kupandia darini, kata moja la sentimita 60 kwa 60 kati ya mbao mbili za siling, mbali na nyaya za umeme. Panda asubuhi kabla bati halijapata moto, na tochi na bisibisi, ukikanyaga mbao, kamwe usikanyage siling. Dunga kila mwisho wa kenchi. Bisibisi ikizama bila kusukumwa, mchwa au kuoza kumekutangulia na mkanda hautasaidia mpaka mbao ibadilishwe. Weka alama ya chaki kwa kila kenchi isiyofungwa. Huna muda wa zote leo? Anza na za kona na zilizo karibu na gebo.