Fungu la 46

Ukisema mtaani Buza kwamba unakwenda Japani siku 90, unaagwa kama unakwenda mwezini. Fundi cherehani akanishonea suti ya kijivu kwa mkopo, "utanilipa ukirudi na yeni". Jirani akaniagiza gari. Gari kabisa, kana kwamba nitalibeba begani. Mimi mwenyewe nikajiona niko Tokyo katikati ya maghorofa, napigwa picha. Mdogo wangu alisahau kuniambia jambo moja tu: haishi Tokyo. Anaishi Kamikatsu.

Kamikatsu ipo kisiwa cha Shikoku, mkoa wa Tokushima, imebanwa na milima kila upande. Watu wake hawafiki elfu mbili, na wengi ni wazee kiasi kwamba mimi na miaka yangu 52 ndiye kijana wa mtaa. Siku ya kwanza nikatoka na suti. Aliyeniona ni mbwa mmoja, naye alikuwa amefungwa.

Siku ya pili ndiyo balaa lilipoanza. Nimekunywa maziwa, nimetupa boksi lake kwenye ndoo, basi. Shemeji akaja polepole. Huyu mke wa mdogo wangu aliwahi kujitolea kufundisha hisabati Dodoma, na Kiswahili chake kina adabu kuliko cha ukoo wetu mzima. Akainama. "Shikamoo shemeji."

"Marahaba."

"Samahani shemeji. Boksi la maziwa linaoshwa, linakatwa, linakunjuliwa, halafu linaanikwa."

Linaanikwa! Kama dagaa wa Mwanza!

Nikaelezwa vizuri. Mji huu hauna gari la taka. Zamani walikuwa wanachoma, sheria za moshi zikakaza, matanuri yakafungwa, na mwaka 2003 wakatangaza kwamba wanataka wafike mahali wasichome wala kufukia kitu. Mabaki ya jikoni unayageuza mbolea hapohapo nyumbani. Mengine unayabeba mwenyewe hadi kituoni, unayagawa mafungu, na wakati ule yalikuwa 45. Arobaini na tano, jamani. Mimi ngeli za Kiswahili tu zilinishinda, na ile ni lugha ya mama yangu.

Na kwa kuwa nakula na kulala bure, idara hiyo nikakabidhiwa mimi.

Wacha nikueleze mkasa wa chupa moja ya sosi. Moja tu! Kifuniko kina kwake. Chupa nayo unaiangalia rangi: nyeupe huku, ya kahawia kule, rangi nyingine pale. Makopo ya alumini hayakai na ya chuma. Gazeti halichangamani na jarida, jarida halichangamani na boksi, yaani karatasi zina ukabila kuliko sisi. Juu ya kila kasha pana kibao kinachosema taka hiyo inapelekwa wapi, itageuzwa nini, na kwa kila kilo mji unalipwa au unalipa kiasi gani. Nikasimama mbele ya makopo ya alumini, nikayaonea wivu. Yana bei, yana safari, yanajulikana kesho yatakuwa nini. Mimi nina viza ya siku 90 na deni la suti.

Mzee wa pale kituoni ni mpole ajabu. Akafungua mfuko wangu, akatoa kopo la samaki ambalo nilidhani nimeliosha. Akalinusa. Akatabasamu. Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa kuinama, kama mkuu wa shule anayekukabidhi cheti. Afadhali angenitukana, ningejua pa kuanzia. Sijaosha vyombo maisha yangu yote kama nilivyoosha takataka Japani, na naomba habari hizi zisimfikie mama watoto.

Ukidhani taka ndiyo mwisho, njoo kwenye majani. Jirani yetu ni bibi aliyekwishapita miaka 80, na biashara yake ni majani. Si mchicha, si kisamvu. Majani ya miti! Mwaka 1981 baridi kali iliua michungwa yao, mji ukabaki mikono mitupu, ndipo bwana shamba mmoja aitwaye Yokoishi akaona hotelini Osaka wateja wanavyoshangilia jani moja dogo lililopamba sahani. Tangu 1986 wanayauzia mahoteli makubwa majani ya kupambia chakula. Hayaliwi, nimeuliza mara tatu. Yanakaa tu pembeni ya samaki, yanapendeza, yanalipwa. Bibi anaamka, anashika tableti yake, anasoma oda za siku na kuangalia kama wenzake wamemzidi mauzo, anapanda mlima. Na mimi nyumbani nina mwembe ambao kila asubuhi tunagombana na jirani nani afagie.

Nikajitolea kumsaidia. Nguo ya heshima niliyonayo ni suti, nikapanda nayo mlimani, nikachuma kikapu kizima nikihema. Bibi akakaa chini, akayapanga moja moja mkekani. Hili lina tundu. Hili limepinda. Hili ni kubwa kwa sahani. Kikapu chote yakapona manne. Yaliyobaki akanirudishia, kwa mikono miwili. Halafu akanipa chai yao ya huko, inayovundikwa kwenye mapipa hadi ichache, nikainywa ina ukakasi kama ndimu, sukari hakuna, nikasema tamu sana.

Usiku nikampigia mke wangu. "Yale majani ya mwembe usiyachome." Kimya. Kisha akauliza taratibu, "Baba Rehema, huko unakula lakini?"

Niliporudi kutoka mlimani ile siku ndipo niligundua suti imechanika mgongoni, kuanzia kola hadi kiunoni. Fundi ananidai bado, kila Jumatatu ananitumia ujumbe wa salamu ambazo si salamu. Nikaikunja, nikaibeba kwapani, nikaenda jikoni kuuliza kwa unyonge suti iliyokufa inakwenda fungu la ngapi.

Shemeji akafuta mikono, akainama. "Shikamoo shemeji."

"Marahaba."

"Pole. Kwanza inafuliwa, halafu..."

"Najua," nikamwambia. "Inaanikwa."