Rosika Schwimmer: kosa walilomhukumia silo alilolifanya

Mwaka 1926 Rosika Schwimmer, mtetezi wa amani na wa haki za wanawake kutoka Hungaria, aliomba uraia wa Marekani. Swali la 22 kwenye fomu liliuliza kama mwombaji yuko tayari, ikibidi, kushika silaha kuilinda nchi. Alikuwa anakaribia miaka 50, na sheria haikuwa ikimwita mwanamke yeyote jeshini. Angejibu “ndiyo” na yangekwisha. Akajibu kwamba yeye binafsi hatashika silaha. Tarehe 27 Mei 1929 Mahakama ya Juu, majaji 6 kwa 3, ikamnyima uraia.

Wapenzi wake wanamkumbuka kwa jibu hilo. Wanaombeza wanamkumbuka kwa meli ya amani ya Henry Ford, tajiri wa magari. Nikiyaweka yote mawili mezani, naona kwenye fomu alikuwa sahihi kabisa, na kwenye meli alikosea, ila si kwa sababu inayotajwa kila siku.

Alizaliwa Budapest mwaka 1877 katika familia ya Kiyahudi, akawahi kufanya kazi ya kutunza hesabu, akawapanga makarani wa kike wadai haki zao. Mwaka 1904 yeye na Vilma Glücklich wakaanzisha chama cha watetezi wa haki za wanawake, naye akawa mhariri wa jarida lake. Uandishi ndio uliompeleka London mwaka 1914, kusimamia habari za muungano wa kimataifa uliodai kura kwa wanawake. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, mtu wa Hungaria akawa adui huko huko alikokuwa akifanya kazi. Akaenda Marekani kumsihi Rais Wilson awapatanishe wapiganaji.

Hoja yake ilikuwa ya kiutendaji kuliko inavyosimuliwa. Nchi zisizoegemea upande wowote zikae kikao cha kudumu, zipokee masharti ya kila upande na kuyarekebisha, bila kungoja bunduki zinyamaze kwanza. Mwezi Aprili 1915 wanawake zaidi ya 1,000 kutoka nchi 12 walikutana The Hague, na ni yeye aliyesukuma azimio la kutuma wajumbe kwenye miji mikuu ya Ulaya. Walikwenda kweli, wakapokewa na mawaziri, wa nchi zilizokuwa vitani na zisizokuwa vitani.

Upande wa pili una uzito wake. Ubelgiji ilikuwa chini ya jeshi la Ujerumani. Kusimamisha vita mwaka 1915 bila sharti la kuondoka kungempa mvamizi alichokwisha kukinyakua, na Mbelgiji angekuwa na haki ya kuuliza amani hiyo ni ya nani. Swali hilo silipuuzi. Lakini wanaolitumia kuwacheka wanawake wa The Hague huwa hawahesabu gharama ya kuendelea. Hata huku kwetu, baada ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, sehemu kubwa ya mwaka 1915 ilikuwa ya mashambulizi ya mpakani. Balaa kubwa lilikuja kuanzia 1916, majeshi yalipopenya ndani ya nchi na kukokota maelfu kwa maelfu ya wapagazi, wale walioacha jina lao Kariakoo. Waliuawa na njaa, kuhara na uchovu, katika vita ambavyo hakuna aliyewauliza kama wanavitaka.

Sasa meli. Mwishoni mwa 1915 Schwimmer alimshawishi Ford agharamie msafara wa amani, na tarehe 4 Desemba Oscar II ikang'oa nanga kutoka Hoboken. Alikuwa na mkoba mweusi, akisema ndani yake mna kauli za serikali zinazothibitisha kwamba upatanishi unawezekana. Waandishi wa habari walimbana awaonyeshe, naye akang'ang'ania kutozitoa. Magazeti yakaugeuza mkoba kuwa kichekesho. Ford aliugua, akarudi nyumbani kutoka Norway kabla mwaka haujaisha.

Inasemwa kosa lilikuwa ndoto ya amani. Mimi nasema kosa lilikuwa mkoba. Mwandishi wa habari, mtu aliyejua jinsi chumba cha habari kinavyofanya kazi, aliutaka ulimwengu umwamini kwa neno lake tu. Naelewa kwamba siri za kidiplomasia zina masharti, na kwamba wanahabari wengi pale melini walikuja kutafuta vioja. Hata hivyo, adui zake hawakuhitaji zaidi ya hapo. Tuhuma za ujasusi zilimwandama hadi alipokufa, japo mwaka 1918 serikali ya Hungaria chini ya Károlyi ilimtuma Uswisi kama balozi, heshima ambayo karibu hakuna mwanamke wa wakati ule aliyekuwa ameipata.

Turudi mahakamani. Jaji Butler, aliyeandika hukumu, alifahamu kwamba mwanamke huyu hangepelekwa vitani. Hofu yake ilikuwa kwamba angewashawishi wengine. Jaji Holmes, askari wa zamani aliyejeruhiwa mara 3 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, alipinga: uhuru wa fikra, alisema, si wa wale wanaokubaliana nasi, bali ni uhuru wa fikra tunayoichukia.

Mwaka 1946 mahakama hiyo ilibadili msimamo katika kesi ya Girouard, Mkanada Msabato. Wengi huona hapo Schwimmer alisafishwa. Kwa sheria, ndiyo. Ila Girouard alikuwa tayari kuingia jeshini kwa kazi zisizo na silaha. Aliomba dhamiri yake iheshimiwe, basi. Schwimmer alitaka kuwageuza wenzake, kwa makala na kwa jukwaa, na hilo ndilo hasa lililomtisha Butler. Serikali nyingi leo humvumilia anayekataa bunduki peke yake. Anayeandika ili wengine nao waikatae bado huitwa msaliti, na Schwimmer, aliyefariki New York mwaka 1948 bila uraia wa nchi yoyote, alikuwa wa kundi hilo la pili.