Askofu wa Philadelphia

Mama mkwe alitoka Nyeri kuja kutusalimia, akakuta zamu ya jumuiya iko kwetu Umoja. Akina mama kumi na wawili, sebule ya viti sita. Waliobaki nikawakalisha kwenye kreti za soda. Kabla ya sala akaniambia, "Baba Njeri, hebu tuwekee wimbo wa kututuliza."

Simu yangu haikuwa na hata wimbo mmoja wa kwaya. Ilikuwa na Solomon Burke, mwimbaji wa soul wa Marekani, albamu yake ya 2002, "Don't Give Up on Me", aliyoitoa akiwa mzee wa miaka 62. Nikajitetea moyoni: kwani huyu hakuwa askofu? Tena mwenye kanisa. Nikaunganisha spika.

"Nani huyo?"

"Askofu, Mama."

"Wa jimbo gani?"

"Philadelphia."

Kinanda kikaingia, kile cha kanisani kabisa, kisha sauti nzito isiyo na haraka. (Albamu nzima walirekodi kwa siku nne. Mimi kupaka choo rangi kumenishinda, huu mwaka wa pili.) Mama Mwenyekiti akafumba macho. Mwingine akainua mikono. Nikajua nimepona.

Nilikuwa nimemsahau Mwalimu, mstaafu wa Kiingereza, aliyekuwa ameinamisha kichwa kama anayesahihisha insha.

"Baba Njeri, huyu baba askofu hasemi na Mungu. Anambembeleza mwanamke asimwache."

Hapo mwenye akili angenyamaza. Mimi nikibanwa hutoa habari. Nikasema alianza kuhubiri akiwa mtoto. Nikasema albamu hii ilimpa tuzo ya Grammy. Nikasema alifanya pia biashara ya mazishi, nikidhani itasaidia. Halafu, Mungu anisamehe, nikasema alikuwa na watoto 21.

"Askofu?" akauliza Mama mkwe.

"Si Mkatoliki, Mama."

Mama Mwenyekiti akachomoa rozari mkobani. Kumi la kwanza tukalisali kwa nia ya mama wa wale watoto. Sikuthubutu kusema mama hakuwa mmoja. Tena nilikuwa nimepunguza sauti tu, sijazima. Kila tulipovuta pumzi, kinanda kilituitikia.

Asubuhi Mama mkwe alikoroga chai muda mrefu.

"Huyo askofu wako alikufa na miaka mingapi?"

"Sabini, Mama."

Akahesabu kidogo kwa vidole.

"Na kuimba alikuwa anapata saa ngapi?"