Kwa nini mzee mwenye uwezo naye apewe: Pensheni Jamii ya Zanzibar na msamaha wa matibabu wa Bara

Tangu Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar humlipa pensheni ya kila mwezi mkaazi wa Visiwa aliyefikisha umri wa miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au alitumia maisha yake baharini na kondeni, awe na duka Darajani au hana hata shina moja la mkarafuu. Kiwango kilianza kwa shilingi 20,000, na mwaka 2023 kikapandishwa hadi 50,000. Lawama ambayo mpango huu haujaweza kuitua hadi leo ni moja: kwa nini fedha za umma zimfikie mfanyabiashara mwenye nyumba tatu za kupangisha, ilhali jirani yake anashindia mlo mmoja?

Wanaouliza hivyo wana hoja nzito, na wengi wao si wachoyo. Kila wazee 1,000 wanaolipwa shilingi 50,000 kwa mwezi hugharimu milioni 600 kwa mwaka, na Zanzibar, yenye watu wasiofika milioni mbili kwa sensa ya 2022, haina mapato ya kuchezea. Anayesema kwamba fungu la wenye nacho lingeongezwa kwa wasio nacho, au lingenunua dawa za hospitali za wilaya, anasema jambo ambalo hesabu inalikubali. Wapo pia wanaohofu kwamba serikali ikiingia mahali pa watoto, watoto watajitoa, na malezi ya wazazi ambayo dini na mila vimeyafanya kuwa wajibu yatageuka kazi ya ofisi. Hofu hiyo naiheshimu, ingawa sijaona mtoto aliyeacha kumtazama mama yake kwa sababu mama amepata shilingi 50,000.

Shida ya hoja ya kuwalipa masikini peke yao inaanza pale tunapouliza nani atapima uwezo, na kwa kipimo gani. Jibu halihitaji kubuniwa, kwa sababu Tanzania Bara imeliishi kwa miaka mingi. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza katika hospitali za serikali mwaka 1993, uliambatana na misamaha, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ikaweka wazi kwamba wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure. Maneno yote ya sera hiyo ni mazuri, lakini matatu kati yake, «wasio na uwezo», ndiyo yaliyozaa safari ndefu kuliko ugonjwa wenyewe.

Niliwahi kukaa kwenye benchi la hospitali moja, ambayo sitaitaja, karibu na mzee aliyekuja na mguu uliovimba kwa kisukari. Ukutani palikuwa na bango la kumtaka kila mtu ampishe mzee apate huduma kwanza, na kweli alipishwa. Alifika dirishani kabla yetu sote. Dirishani akaulizwa kitambulisho cha msamaha. Hakuwa nacho, kwa kuwa siku wazee wa mtaa wake walipopigwa picha yeye alikuwa kwa binti yake, wilaya nyingine. Akaelekezwa akachukue barua kwa mtendaji wa mtaa, apitie ustawi wa jamii, kisha arudi. Alikunja karatasi yake ya kliniki mara nne, akaitia mfuko wa shati, akashukuru, akaondoka. Hakuna aliyemtukana wala aliyemwomba hongo. Kila mtumishi alifuata utaratibu, na mguu ukarudi nyumbani kama ulivyokuja.

Nyuma ya dirisha lile kuna jambo ambalo wakosoaji wa wauguzi hulisahau. Kituo kinachotegemea makusanyo yake kununua sehemu ya dawa kinapomsamehe mgonjwa bila serikali kukirudishia fedha, kinajipunguzia dawa za mgonjwa anayefuata. Msamaha wa namna hiyo umeandikwa na serikali, lakini unalipwa na zahanati. Ndiyo maana mzee mwenye kitambulisho halali bado huweza kumwona daktari bure, kisha akapewa cheti cha kwenda kununua vidonge duka la dawa la nje.

Lakini hata tukijaza dawa kila rafu, kipimo chenyewe kina kasoro ambayo fedha haiiondoi, na hapa ndipo naona mpango wa Zanzibar haujaeleweka. Anayetafuta masikini huangalia nyumba: ukuta wa matofali, paa la bati, umeme, televisheni sebuleni. Bibi wa miaka 75 anayelala chumba cha nyuma katika nyumba ya mwanawe huhesabiwa kuwa na vyote hivyo, ingawa hana shilingi inayoitwa yake. Nauli ya kwenda kliniki huiomba kwa mkwewe. Vidonge vya presha vikiisha tarehe ishirini husubiri mwisho wa mwezi, na husubiri kimya, kwa sababu ada ya shule ya wajukuu imetangulia. Umasikini wake umo ndani ya nyumba isiyo masikini, na hakuna dodoso litakaloupata bila kumtaka aseme mbele ya watu kwamba mwanawe hamtoshelezi. Bibi wa Kiswahili hatasema hivyo. Atasema, «Alhamdulillah, hatuna neno», na jina lake litakatwa.

Umri hauna fedheha ya aina hiyo. Swali la Zanzibar ni kama umefika 70 na kama wewe ni mkaazi, basi. Nalo lina usumbufu wake, kwa kuwa wengi wa kizazi kile hawakuandikwa tarehe ya kuzaliwa na imebidi masheha, viongozi wa mitaa wa Visiwani, na majirani wasaidie kukadiria, lakini hakuna anayeona haya kuulizwa umri wake. Katika familia yetu mama mkubwa huzifunga noti zake za pensheni pindoni mwa kanga, na siku anapolipwa jambo la kwanza analofanya ni kumtuma mjukuu sukari na kumwambia chenji abaki nayo. Vidonge vinafuata. Zamani niliona ni vibaya kwamba sukari ya wageni inatangulia dawa. Sasa naelewa kwamba mtu aliyepokea kwa miaka kumi alikuwa na njaa ya kutoa.

Kuhusu yule mwenye nyumba tatu, serikali inayo njia ya kumfikia, nayo ni kodi ya mapato anayopata kwa kupangisha nyumba. Ni rahisi zaidi kumtoza kodi tajiri mmoja anayejulikana kuliko kuwachuja maelfu ya vikongwe ili asipenye. Kenya nayo ilipopanua Inua Jamii, mpango wake wa kuwalipa fedha wazee na wasiojiweza, mwaka 2018 iliacha kuchuja kwa umasikini wa kaya, ikawafungulia mlango wote wenye miaka 70 wasiopokea pensheni nyingine, kwa shilingi 2,000 za kule kwa mwezi. Wazee wa Kenya wamelalamikia zaidi malipo kuchelewa.

Kwa kusema haya siutetei mpango wa Zanzibar kwa kila kitu. Kuanzia 2016 hadi 2023 kiwango kilibaki 20,000, miaka saba, wakati unga, mchele na nauli havikubaki mahali pamoja, na pasipo kanuni ya kukipandisha kadiri bei zinavyopanda, 50,000 nayo itaanza kuyeyuka. Miaka 70 ni mingi kwa mama aliyeinama kwenye mwani tangu ujana. Mgongo wake huzeeka mapema. Na fedha haimwogeshi mtu wala haimgeuzi kitandani. Nyumba za wazee za Sebleni na Welezo, na ile ya Limbani kule Pemba, zinahifadhi wachache wasio na jamaa. Waliobaki wanauguzwa na binti aliyefunga biashara yake ya vitumbua ili akae na mzazi, na binti huyo hayumo katika mpango wowote.

Bara, sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 imekuja na mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo na kuutajia vyanzo vya mapato. Hilo linaweza kuiondolea zahanati mzigo wa msamaha usio na mlipaji, na ni hatua kubwa. Lakini maneno yale matatu yamo tena, na kabla kadi haijatoka lazima mtu afike mtaani kuamua bibi wa chumba cha nyuma ana uwezo au hana. Kwa waliofikisha miaka 70 kazi hiyo ingeweza kuondolewa kwa kifungu kimoja cha kanuni, kinachosema kitambulisho cha taifa chenye tarehe ya kuzaliwa kinatosha.