Siku 82 za waume wawili

Fomu zetu za uhamiaji wa Marekani nilizijaza mwenyewe. Wakili anataka hela, na mimi kusoma najua. I-130 ya kumwombea mke wangu, kwa kuwa mimi ndiye raia. I-485 yake ya ukaaji wa kudumu. I-864 ya kuahidi kumtunza, na marejesho yangu ya kodi nyuma yake. Cheti cha ndoa kilikuwemo, na hati ya talaka ya ndoa yake ya kwanza pia, na tafsiri ya Kiingereza ambayo mtafsiri ametia sahihi kuthibitisha kwamba anazijua lugha zote mbili. Bahasha ya daktari yenye matokeo ya uchunguzi wa afya yake sikuigusa, maana ikishafunguliwa haipokelewi.

"Umezipitia tena?" mke wangu akauliza. Nikamwambia asinifundishe kazi.

Siku ya mahojiano tuliinua mkono wa kulia, tukaapa kusema kweli. Afisa, mama wa makamo mwenye kalamu nyekundu, akafungua faili, akanyamaza.

"Talaka yako ilitoka lini?"

"Tarehe 30 Juni," mke wangu akajibu.

"Na huyu ukaolewa naye lini?"

"Tarehe 4 Septemba, mwaka uleule."

"Mbona hapa mmeandika 9 Aprili?"

Nilikuwa nimeandika 04/09, kama nilivyofundishwa shule ya msingi: siku kwanza, mwezi baadaye. Wamarekani huanza na mwezi, na fomu inakuagiza hivyo hivyo kwa herufi ndogo, mm/dd/yyyy, ambazo mimi nilizichukulia kuwa pambo. Kwa mujibu wa karatasi, basi, mke wangu alikaa na waume wawili siku 82. Na hilo si la kuchekea: ndoa iliyofungwa kabla ya ile ya kwanza kuvunjwa kisheria si ndoa, na ombi lililojengwa juu yake huporomoka lote.

Mke wangu akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Ningekuwa nao wawili, fomu ningempa yule mwingine."

Kilichotuokoa ni talaka yenyewe. Nayo niliiandika kichwa chini, 30/06, na mwezi wa 30 haujazaliwa. Afisa akaitazama, akatazama cheti cha ndoa kilichoandika mwezi kwa herufi, akaelewa ugonjwa wangu. Akaanza kusahihisha. Tarehe ya kuzaliwa, 02/11, iliyomhamisha mke wangu kutoka Novemba hadi Februari. Anwani za miaka mitano, kila moja na siku ya kuhamia na ya kuhama. Kazi, vilevile. Kila sahihisho akalipa namba, na mwishoni mke wangu akatia sahihi upya. Fomu ilionekana kama imechanjwa chale.

Nikadhani yamekwisha.

"Mumeo huenda kazini saa ngapi?"

"Saa moja," mke wangu akasema kwa Kiingereza, kwa kujiamini kabisa.

"Saa saba," nikasema mimi, na mimi kwa Kiingereza.

Ikabidi nieleze kwamba kwetu saa huanza kuhesabiwa jua likichomoza, kwa hiyo saa moja yetu ya asubuhi ndiyo saba yao. Afisa akaweka kalamu chini. "Kuna kitu chochote mnachokianzia mahali ambapo wengine huanzia?"

Kadi ya ukaaji ikaja, lakini yenye sharti, ya miaka miwili tu, kwani siku ya kukubaliwa ndoa yetu ilikuwa haijafikisha miaka miwili. Ili kuondoa sharti hilo, wote wawili tunajaza fomu nyingine, I-751, ndani ya siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha. Nikasoma tarehe ya mwisho: 03/07.

"Tuna muda," nikasema. "Mpaka Julai."

Mke wangu akaichukua kadi. Akahesabu siku 90 kurudi nyuma kutoka 7 Machi, akaandika "7 Desemba" kwenye kalenda ya jikoni, kisha akakusanya kalamu zote za nyumba na kuzifungia kabatini.