Faili za mkuu wa chuo ni zetu sote

Wiki iliyopita nilikwenda chuo kimoja hapa Mombasa, jina sitataja, kutafuta barua. Marehemu babangu alisoma pale, na mwaka wa mgomo wa chakula yeye na wenzake walimwandikia mkuu wa chuo. Mkuu akawajibu kwa mkono wake mwenyewe. Baba aliisimulia barua ile mpaka anafariki. Basi nikaingia masjala, nikaamkia, nikaeleza shida yangu. Mzee wa stoo akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, afisi ilipopakwa rangi, makaratasi ya wakuu wa zamani yalitolewa nje. Mvua ya masika ikayakuta pale pale."

Tangu siku hiyo sijatulia.

Picha za mahafali tunazo tele, majoho na kofia, mgeni wa heshima akikata utepe. Lakini picha haikwambii nani alipinga jengo lile lisijengwe, wala kwa nini wanafunzi waliamriwa kutoka hosteli usiku. Hayo yamo kwenye barua za mkuu, kwenye kumbukumbu za vikao, kwenye maneno aliyoyaandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Naye akistaafu, ama anaondoka na faili kama mtu anayehama na vyombo vyake, ama anayemrithi anazitupa. Faili hizo zilinunuliwa kwa kodi na karo zetu!

Fikirieni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa tu, pale Tudor. Kilianza kwa jina la MIOME, yaani Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, Aga Khan na Sultani wa Zanzibar wakiwa miongoni mwa waliokichangia ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi. Mwaka 1966 kikawa taasisi ya ufundi, 1972 politekniki, 2007 chuo kikuu kishiriki, na 2013 chuo kikuu kamili. Nia ile ya mwanzo iligeukaje, hatua kwa hatua, kikawa chuo cha kila Mkenya? Mjukuu wangu atayasoma wapi hayo kama si kwenye barua za waliokiongoza?

Kule Ohio, Marekani, askari waliwaua kwa risasi wanafunzi wanne wa Kent State tarehe 4 Mei 1970. Rais wa chuo, maana wao humwita mkuu wao rais, alikuwa Robert White. Hakuna siku chungu kuliko hiyo katika historia ya chuo kile, na bado maktaba ya chuo hicho hicho ndiyo inayotunza nyaraka za White.

Nakubali, zimo siri za watu, kesi za nidhamu na maradhi. Basi zifungiwe. Harvard hufungia nyaraka zake za utawala miaka 50, kisha mtu akasoma.

Na hewa yetu ya chumvi haisubiri. Pini zinashika kutu, karatasi inaota ukungu, mchwa wanamaliza kilichobaki. Makavazi ya Kitaifa yana kituo hapa hapa mjini, wataalamu wapo. Ibara ya 35 ya Katiba inanipa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, lakini nitadai nini kwa karatasi iliyokwisha kuoza?

Kabla sijatoka, mzee yule alinionyesha kabati la chuma nyuma ya madawati mabovu. Ufunguo wake ulipotea zamani. Nimeandika barua kuomba lifunguliwe nami nikiwepo, na nakala nimebaki nayo.