Dakika 20 za Angani

Yule mpwa wangu namsubiri hapa hapa kibarazani, atarudi tu. Yeye ndiye aliyenionyesha simu: "Anko, Dar mpaka Zanzibar kilomita 75 tu, dakika 20 umeshatua." Nikaiacha boti ya masaa mawili, nikalipa nauli ya ndege kama waziri.

Hizo kilomita za kwenye simu zinahesabiwa kiwanja kwa kiwanja. Nani anaishi kiwanjani? Mimi nakaa Kimara. Nimetoka saa kumi na moja alfajiri, Mandela Road na malori yake, Tazara ndiyo usiniulize. Dereva kanishusha Jengo la Tatu, vioo vitupu, nikasimama kidogo kujitazama na suti yangu. Mlinzi akasoma tiketi: kindege chako kiko Jengo la Kwanza, mzee. Kule kwingine kabisa. Bodaboda, na suti.

Binti wa mapokezi mpole. "Shikamoo baba, weka begi." Kilo 19, mwisho 15. Nikamweleza ni mchele wa Kyela, wa harusi ya shemeji. Akanitazama tu. Basi nikahamisha kilo nne, nikazigawa mifuko ya koti. Nikajiona mjanja!

"Haya baba, sasa panda wewe."

"Nipande wapi?"

"Kwenye mizani. Ndege ndogo, lazima tujue uzito."

Mwanamume wa miaka 56, mweka hazina wa kamati ya misiba, napimwa kama gunia la mkaa na foleni inaangalia. Nikavuta tumbo ndani, sijui nilidhani linakwenda wapi. "Mia moja na saba!" Binti kapaza sauti kama konda wa Mbagala. Nyuma yangu mama mmoja wa baibui akasema taratibu, "Mashallah." Bora angecheka.

"Koti lina mchele!" nikapiga kelele. Nikatoa pakiti moja moja, nikapanda tena. Mia moja na tatu. Binti akaitazama ndege kupitia dirishani, akanitazama mimi, akairudia ndege.

"Baba utakaa mbele, na rubani."

Nikakaa. Mikono nimeibana mapajani nisiguse kitu, na mbele ya kitambi changu usukani wa pili unacheza wenyewe. Pipi niliyoipata haijaisha mdomoni, mabati ya Unguja haya hapa. Dakika 20 kweli, simu haikusema uongo.

Ila ilikuwa saa tano. Jirani yangu, mwendokasi mpaka Kivukoni, boti ya saa moja, nilimkuta kashavua viatu yuko kwenye sahani ya pili ya pilau. Akaniuliza mbona nimechelewa, si nimepanda ndege?

Na mchele wangu kilo nne umebaki pale kaunta. Halafu kuna mtu kamwambia mama watoto habari ya 107. Leo siku ya tatu nawekewa mchicha.